"Majani Makavu" ya Ukurasa wa Saba: Uhakiki wa Tafsiri ya Neno Moja

Kijitabu kilichonisukuma kuandika makala haya ni chembamba, kina kurasa kumi na mbili tu pamoja na picha, nacho kilitafsiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya wafugaji wadogo wa milimani. Sitakitaja kwa jina, wala ofisi iliyokitoa, kwani kosa ninalokusudia kulijadili si la ofisi moja. Ni kosa ambalo karibu kila mfasiri wetu amepata kulifanya, na mwandishi wa makala haya naye yumo. Nilikikuta Shighatini, katika nchi ya Ugweno, upande wa kaskazini wa Milima ya Upare, kikiwa juu ya kizingiti cha dirisha la shangazi yangu, kimekandamizwa na betri za redio ili kisichukuliwe na upepo. Ukurasa wa saba ulikuwa umekunjwa pembe. Hapo palielezwa namna ya kuongeza ubora wa "majani makavu" kwa kuyanyunyizia maji yenye mbolea ya yurea, kisha kuyafunika yasipitiwe na hewa kwa muda wa wiki tatu hivi, ndipo apewe ng'ombe.

Shangazi aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ni mtu wa vitabu. Haya majani ni yapi?"

Nakiri kwamba mwanzoni nilidhani hakukisoma vizuri. Nikamjibu kwa haraka ya mtu wa mjini kwamba majani makavu ni majani makavu. Akanichukua nyuma ya nyumba akanionyesha. Palikuwa na majani ya migomba yaliyokauka, yananing'inia kwenye mashina yake kama nguo chakavu. Palikuwa na nyasi alizokata siku mbili nyuma ukingoni mwa mfereji, zimesinyaa lakini bado zina ukijani. Palikuwa na mashina ya maharage yaliyobaki baada ya kupurwa. Palikuwa na majani yaliyopukutika kutoka miti ya kivuli shambani mwa kahawa. Na juu ya dari la zizi palikuwa na mabua ya mahindi, mizigo kwa mizigo, aliyoyapandisha kichwani kutoka shamba la tambarare baada ya mavuno. Vitu vitano, na kila kimoja chaweza kuitwa majani makavu bila mtu yeyote kusema umekosea Kiswahili. Yurea ilikuwa imekwisha nunuliwa, imo katika mfuko nyuma ya mlango.

Nilipokipata kijitabu cha asili nikakuta neno lililotumika ni straw. Mtaalamu aliyekiandika alikuwa na jambo mahususi sana akilini: mabua makavu ya nafaka, yaani mashina ya mahindi, mtama, mpunga, ngano au shayiri yaliyobaki baada ya nafaka kuvunwa. Mabua hayo ni magumu, yana nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo mno, na ng'ombe akiyala peke yake hushiba bila kunenepa. Yurea, kiasi cha kilo nne au tano kwa kila kilo mia za mabua, hugeuka kuwa amonia ndani ya rundo lililofunikwa, na amonia hiyo hulainisha nyuzinyuzi na kuongeza naitrojeni ambayo vijidudu vya tumboni mwa mnyama mcheuaji huitumia. Huo ndio ufundi wote, nao ni mzuri. Lakini haukukusudiwa kwa nyasi mbichi wala zilizosinyaa nusu. Malisho yenye sukari nyingi yakitiwa amonia yaweza kuzalisha sumu inayomtia ng'ombe kichaa, na sumu hiyo hupita katika maziwa ikamfikia hata ndama. Na yurea yenyewe, ikizidi kipimo au isipochanganyika vizuri, ni sumu. Kwa hiyo shangazi alipouliza majani ni yapi, hakuwa akiuliza swali la sarufi. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kati ya vitu vitano vilivyokuwa nyuma ya nyumba yake, kijitabu kilikuwa na maana ya kimoja tu.

Wasomaji wa jarida hili ni wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, na wengi wenu mtasema kwamba dawa ni rahisi: mfasiri angeandika "mabua", mambo yakaisha. Nami nasema ndiyo, pale angeandika "mabua". Lakini swali linalonisumbua ni kwa nini hakuandika hivyo, ilhali neno analijua tangu utotoni. Neno bua limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981, na hakuna mtoto wa Ugweno wala wa Same asiyelijua. Jibu langu ni kwamba mfasiri huyo hakuwa akitafuta kitu. Alikuwa akitafuta neno. Alikuwa na neno moja la Kiingereza lenye maana pana, naye akataka neno moja la Kiswahili lenye upana ule ule. Alipolikosa, akaunga maneno mawili mapana kuliko yote aliyokuwa nayo, jani na kavu, akadhani ameziba pengo.

Pengo hilo halipo. Kwanza, na tuangalie jinsi lugha nyingine zilivyolipata neno hilo, maana Waingereza nao hawakuletewa kutoka mbinguni. Neno lao lina asili moja na kitenzi chao chenye maana ya kutandaza au kutawanya. Straw, kwa asili yake, ni kile kinachotandazwa: chini ya mifugo, juu ya sakafu, ndani ya godoro. Kwa hiyo ndugu yake wa karibu katika Kiswahili si jani wala nyasi, ni matandiko na matandazo! Wafaransa nao wana neno paille, lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya makapi. Waingereza wamelipa jina kwa kazi yake, Wafaransa kwa kilichopepetwa. Katika Kiebrania yako maneno mawili, na sura ya tano ya Kutoka haieleweki vizuri bila kuyatenganisha: teben ni mabua yaliyokatwakatwa, tayari kuchanganywa na udongo wa matofali, nalo ni ndugu wa neno la Kiarabu tibn, qash ni visiki vya mabua vilivyobaki shambani. Farao alipoacha kuwapa watu lile la kwanza, walitawanyika kuokota hili la pili, na idadi ya matofali haikupunguzwa. Ukali wote wa amri ile umo katika tofauti ya maneno hayo mawili. Mfasiri anayeandika "majani" pande zote mbili huwa amemsaidia Farao kuficha ukatili wake.

Kiswahili hakikufuata njia ya Waingereza wala ya Wafaransa. Kiswahili huuliza mambo mengine: ni mmea gani, ni sehemu gani ya mmea, uko katika hali gani, na umetwaliwa kwa kazi gani. Shina nene la mahindi, mtama au uwele ni bua. Suke likishapukuchuliwa au kupurwa, kinachobaki ni gunzi kwa mahindi na makapi kwa nafaka ndogo. Mpunga ukitwangwa hutoa kumvi, yaani maganda magumu ya nje, kisha wishwa, ile laini ya ndani. Na pumba katika masoko yetu ya leo imemeza vyote viwili, na ya mahindi pia. Mtu wa pwani ana kuti, ana kumbi, ana usumba, vyote vya mnazi mmoja. Msusi wa mikeka ana ukindu na miyaa, ana chane kabla hajasuka na ukili akishasuka. Takataka za shamba zilizokusanywa zingoje moto ni biwi. Na ukitazama kutoka mabega ya mashariki ya Ugweno, Ziwa Jipe limezungukwa na matete na mafunjo, ambayo wavuvi wa huko hawayaiti nyasi, na wakisikia mgeni anayaita hivyo hunyamaza kwa adabu.

Kila moja la majina haya limebeba maarifa. Anayesema kumvi anajua kwamba haliwi na kuku kwa furaha lakini linachoma tanuru la matofali vizuri, tena kwa moto wa polepole unaokula ndani kwa ndani. Anayesema bua anajua kwamba moto wake huwaka mara moja ukazima kabla chungu hakijachemka. Shangazi huyatumia mabua kwa kuwashia tu, na husikitika akifanya hivyo, kwani kila bua linaloingia jikoni limetoka mdomoni mwa ng'ombe. Wale wasiokaa milimani huenda wasijue uzito wa jambo hili. Shamba la mahindi liko chini tambarare, zizi liko juu penye migomba na kahawa, ng'ombe hafunguliwi kwenda kuchunga kwa kuwa hakuna pa kuchungia, na katikati pana njia ya kupanda. Mwanamke husokota kata ya majani makavu ya mgomba, akaiweka kichwani, akajitwisha mzigo wa mabua, akapanda. Katika safari hiyo moja kuna aina mbili za kile ambacho kijitabu kimekiita majani makavu: moja imebebwa, nyingine inasaidia kubeba. Ya kwanza ni chakula cha mnyama. Ya pili, ikifika nyumbani, itatupwa shambani iwe matandazo, au itazibia mdomo wa kibuyu.

Kuna jambo la hali pia, ambalo wafasiri wetu hulipita kwa kusema tu "kavu". Ukavu una daraja zake, na Kiswahili kina vitenzi vya kuzitenga: kunyauka, kusinyaa, kukauka, kukakamaa. Nyasi alizozikata shangazi siku mbili nyuma zilikuwa zimesinyaa. Kwa macho ya mtu wa mjini zilikuwa kavu. Kwa yurea zilikuwa hatari. Kitabu cha ufundi kisichosema daraja la ukavu kimemwachia msomaji aamue kwa macho, naye msomaji hana sababu ya kujua kwamba uamuzi huo ni wa uzima na kifo.

Nisije nikaonekana namlaumu kila mfasiri, na nitoe mfano wa pale kazi ilipofanywa kwa busara. Katika sura ya saba ya Mathayo panatajwa kitu kidogo kilichomo jichoni mwa ndugu yako, na kingine kikubwa kilichomo jichoni mwako mwenyewe. Neno la Kigiriki la kile kidogo lina maana ya kijiti au kipande kikavu cha bua. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Umoja waliandika kibanzi, na kile kikubwa wakakiita boriti. Hawakwenda kutafuta jina la mmea. Waliona kwamba nguvu ya maneno hayo imo katika uwiano wa vitu viwili vya namna moja, kimoja kidogo na kimoja kikubwa, wakachagua viwili vinavyotoka katika karakana ya seremala yule yule. Hapo kupoteza bua hakukumdhuru mtu. Kumbe basi sisemi kwamba neno la kigeni lazima lipate kisawe cha mmea wake kila mara; nasema kwamba mfasiri lazima ajue kile kitu kinafanya kazi gani katika sentensi kabla hajakipa jina.

Neno mrija linatufundisha jambo hilo kuliko jingine lolote. Waingereza huuita mrija wa kunywea soda kwa jina lile lile la mabua, kwa sababu hapo zamani ulikuwa kweli ni bua jembamba la nafaka, lenye tundu katikati. Mwaka 1888 Marvin Stone wa Marekani alipata hataza ya mrija wa karatasi, baadaye ukaja wa plastiki, na jina la bua likabaki limening'inia juu ya kitu ambacho hakijawahi kuota shambani. Kiswahili hakikujifunga na kitu kilichotengenezea. Kiliangalia kazi, yaani kupitisha kimiminiko katika tundu jembamba, hasa kwa kunyonya. Kwa hiyo mrija haukupata taabu yoyote ulipogeuka kuwa wa plastiki, wala sasa unaporudi kuwa wa karatasi. Magharibi ya Kenya wazee wa Kiluhya hukaa kuzunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu wauitao oluseke. Na katika nchi ya Teso, Uganda, ajon hunywewa vivyo hivyo. Yote hayo ni mirija, na mfasiri hana haja ya kujua imetengenezwa kwa nini. Tena baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo liliingia katika siasa kwa nguvu: unyonyaji ulikuwa na mirija, na mirija ilitakiwa ikatwe. Msemo huo haukutafsiriwa kutoka popote. Siku hizi mganga naye anazungumza juu ya mirija ya uzazi, na kila mama anamwelewa.

Pamoja na utajiri huo, rasimu moja ya kanuni za usafi iliyopita mikononi mwangu ilikataza matumizi ya "majani ya plastiki". Nadhani aliyeiandika alisaidiwa na mashine ya kutafsiri, nayo mashine ilifanya kile kile alichofanya mfasiri wa ukurasa wa saba, ila kwa kasi zaidi. Nilicheka, kisha nikajiuliza askari wa mgambo angemkamata nani. Mwuza maua ya bandia, labda.

Nyasi nayo ina maana ambayo kamusi haiwezi kuieleza yote. Nyumba ya msonge ya Upare na ya Uchagani iliezekwa kwa nyasi na, penye migomba, kwa majani yake makavu, na kazi ya kuezeka ilikuwa na mafundi wake na heshima yake. Leo ukimwambia mtu kwamba kwao ni nyumba ya nyasi umemtukana. Kampeni za nyumba bora zilizofuatana na kuanzishwa kwa vijiji katika miaka ya 1970 zilitufundisha kuhesabu maendeleo kwa bati. Katika sensa ya mwaka 2012 vitu vya kuezekea viliwekwa katika makundi, na nyasi na majani vikatiwa katika kundi moja. Silaumu, kwa mhesabu wa paa tofauti hiyo haina faida. Lakini makuti ya kibanda cha mvuvi na makuti ya hoteli ya watalii ufukweni ni kitu kile kile, kimoja kikihesabiwa umaskini na kingine kikilipiwa fedha nyingi. Hapo mfasiri wa matangazo ya utalii ajue kwamba akiandika "nyumba za nyasi" mahali pa makuti, msomaji wa Kiswahili ataona kitu tofauti kabisa na kile alichokiona mgeni.

Misemo nitaipita upesi. Mwingereza anayezama hushika bua. Mswahili mfa maji haachi kutapatapa. Ngamia wa Mwingereza huvunjwa mgongo na bua la mwisho. Kwetu maji huzidi unga. Wanaochagua mtu kwa kuchomoa vijiti hupiga kura tu, hata kama vijiti hivyo ni mabua. Mtumishi wa serikali anayeandika katika ripoti kwamba ushuru mpya ni "bua la mwisho" kwa wafanyabiashara hajawaeleza wakubwa zake chochote. Nasi tunayo ya kwetu ambayo hayatokani na bua la mtu: nyasi huumia tembo wapiganapo, anayesema ovyo husemwa anaongea pumba, na aliyechelewa kugawiwa huambulia makapi.

Sasa nirudi kwenye istilahi, kwani najua wapo watakaoniambia kwamba nimeshangilia wingi wa maneno nikasahau kazi ya usanifishaji. Istilahi, watasema, inataka dhana moja iwe na jina moja. Orodha za Tafsiri Sanifu zilizotolewa na Baraza katika miaka ya 1970 na 1980 zilijengwa hivyo, neno la kigeni mkono huu na la Kiswahili mkono huu, na bila orodha hizo ofisi nyingi zisingeacha Kiingereza. Nakubali. Lakini orodha ya namna hiyo huzoesha jicho kuamini kwamba kila neno la kushoto lina pacha wake kulia. Pale neno la kushoto lenyewe lina dhana tatu au nne, kanuni ya dhana moja jina moja inataka majina matatu au manne, haitaki moja. Anayeandika "majani makavu" ndiye aliyeivunja kanuni, si shangazi.

Hata hivyo mahitaji ya kweli yapo. Mwalimu wa chuo cha mifugo anahitaji jina la jumla la mashina makavu ya nafaka zote, nene na nyembamba, ili aweze kusema jambo moja juu ya yote. Mpunga na ngano havina bua nene kama la mahindi, na wapo wakulima wanaosema "majani ya mpunga" kwa kitu ambacho wengine huita "mabua ya mpunga". Mashamba makubwa ya ngano ya Hanang, yaliyoanzishwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, yalituletea mashina membamba kwa wingi ambao wengi wetu hatukuwahi kuuona, na jina halikuletwa pamoja nayo. Kwa wakati mmoja nilidhani nimepata jawabu: tutumie udogo, tuseme vibua. Nikamwandikia rafiki yangu wa Tanga kwa fahari. Akanijibu kwamba anapenda sana vibua, hasa vya kukaanga, na kwamba hakujua ng'ombe wa Upare wanakula samaki. Pendekezo hilo likafa siku hiyo hiyo.

Ninalolipendekeza sasa ni la kawaida zaidi. Neno mabua lichukuliwe kuwa jina la jumla la mashina makavu ya nafaka zote baada ya mavuno, na pale aina inapohitajika litajwe zao lake: mabua ya mahindi, mabua ya mpunga, mabua ya ngano. Neno hilo limekwisha kubeba ukavu na mavuno ndani yake, kwa hiyo halihitaji kusindikizwa na kavu kila mara, ingawa katika maagizo ya sumu na dawa sitamlaumu anayelisindikiza. Nyasi zilizokatwa zikiwa bado na rutuba na kukaushwa kwa makusudi ziwe akiba, ambazo Mwingereza huziita hay, ni kitu kingine kabisa, na kosa la kuzichanganya na mabua ni kubwa kuliko linavyoonekana, kwani moja ni chakula bora na nyingine ni shibe tu. Katika maandishi ya mifugo neno hei limekwisha kuzoeleka. Sina mapenzi nalo, maana mtu akilisoma kwa sauti huonekana kama anamwita mtu barabarani. Lakini kama limeshika, lishike mahali pake tu, lisitumike kwa mabua. Mimi ningependelea nyasi za akiba. Matandazo yabaki kuwa jina la kazi, bila kujali yametokana na nini. Majani yaachiwe majani ya mti, ya mgomba na ya chai, na yakitumika kwa maana ya nyasi, kama tunavyosema sote tukienda "kukata majani ya ng'ombe", yabaki katika mazungumzo, yasiingie katika maagizo.

Walimu nao wanayo sehemu yao. Mtoto wa Ugweno huja shuleni akijua Kigweno, ambacho si Chasu bali kimekaribiana zaidi na lugha za Uchagani, na huja na Kiswahili cha nyumbani chenye maneno haya yote ya shambani na zizini. Nimeona madaftari ambamo mwalimu alikata kwa wino mwekundu neno mabua katika insha, akaandika juu yake "majani makavu", kana kwamba la kwanza ni la kijijini na la pili ni sanifu. Huyo ndiye mfasiri wetu wa kesho anayeandaliwa.

Kabla ya kuondoka Shighatini niliuandika upya ukurasa wa saba kwa mkono, nikaubandika juu ya ule wa zamani kwa gundi ya uji. Nikaandika: mabua makavu ya mahindi, yaliyokauka kabisa hata yakivunjwa yanalia, yasiwe nyasi, yasiwe majani mabichi wala yaliyosinyaa, yasiwe mashina ya maharage. Nikaandika na vipimo kwa kilo, kisha kwa ndoo, na kwamba asipewe ndama mdogo wala punda. Shangazi aliusoma wote kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza akaridhika na mabua, akaniuliza juu ya kitu kingine: yale maganda ya shina la mgomba yanayokauka na kubanduka tabaka kwa tabaka, anayofungia mizigo na kuwapa ng'ombe kiangazi kikizidi, hayo kijitabu kinayaitaje? Kwa Kigweno alikuwa nalo jina. Kwa Kiswahili nilimpa "maganda ya mgomba", naye akasema maganda ni ya ndizi. Wasomaji wa Bukoba na Rungwe, ambao migomba ni maisha yao, wakiwa na neno linaloandikika, tafadhali waliandikie jarida hili.